Mwili wa mwanadamu: majina ya viungo na mahali vilipo

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye hospitali moja ya kwetu nimsaidie mama wa ushirika kuzungumza na daktari. Daktari alitoka magharibi ya nchi, alisema Kifaransa na Lingala. Mama alijua Kiswahili na lugha ya kijiji chake. Mama akasema, "Roho inaniluma." Mimi nikatafsiri bila kufikiri: moyo unamuuma. Daktari akamsikiliza kifua, akampima presha, akauliza maswali mengi ya moyo, nami nikaendelea kutafsiri. Mwishoni akaandika karatasi ya kumpeleka mji mwingine akapimwe moyo kwa mashine. Ushirika ukachanga franka, mama akapanda gari, akalala njiani mara mbili. Kule alikofika, muuguzi mmoja mzee hakumwuliza jina la ugonjwa. Alimwambia tu, "Mama, nionyeshe kwa kidole kimoja." Mama akaweka kidole chini ya mfupa wa kifua, pale mbavu zinapoachana, juu ya kitovu. Yalikuwa maumivu ya tumbo la chakula, vidonda. Moyo wake ulikuwa mzima kabisa.

Kosa lilikuwa langu. Kwetu "roho" ni pumzi, ni nafsi, ni moyo unaopiga, na tena ni pale juu ya tumbo panapochoma mtu akikaa na njaa. Nilichagua maana moja kati ya hizo bila kumwuliza mwenye mwili. Tangu siku ile nimekuwa nikikusanya majina ya viungo, na makala hii imetoka humo. Ni ya wale wanaosindikiza wagonjwa: wamama wa ushirika, mashemasi, wachungaji, na vijana wanaojua Kifaransa kuliko wazee wao. Haimfanyi mtu kuwa daktari. Inamsaidia kusema "hapa".

Elimu ya kupasua na kutaja

Elimu ya umbo la mwili na sehemu zake inaitwa anatomia. Neno lilitoka katika Kigiriki, na maana yake ni kukata na kufungua, kwa sababu watu waliijua mwili kwa kuifungua maiti. Elimu ndugu yake ni fiziolojia, inayoeleza jinsi sehemu hizo zinavyofanya kazi. Ukisema figo ziko mbili, kila upande wa uti wa mgongo, hiyo ni anatomia. Ukisema figo zinachuja damu na kutengeneza mkojo, hiyo ni fiziolojia.

Kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja waganga wa Ulaya walifuata vitabu vya Galen, mganga Mgiriki wa karne ya pili. Galen alikuwa mtu wa akili sana, lakini alipasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, kisha akaandika kana kwamba mwili wa mtu ni sawa na wao. Aliyeyasahihisha hayo kwa nguvu alikuwa Andreas Vesalius, aliyezaliwa Brussels mwaka 1514 na kufundisha Padua, Italia. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1543. Galen alisema taya la chini ni mifupa miwili. Vesalius akaonyesha kwamba kwa mtu mzima ni mfupa mmoja.

Vesalius alihesabu pia mbavu. Na hapa nataka kusimama kidogo, maana swali hili nimelisikia hata katika mafundisho ya Jumapili: je, mwanaume ana ubavu mmoja pungufu? Hapana. Mwanaume ana jozi 12 za mbavu, mwanamke ana jozi 12. Mara chache mtu anazaliwa na ubavu wa ziada au pungufu, naye anaweza kuwa mwanaume au mwanamke. Habari ya Mwanzo sura ya 2 haisemi popote kwamba wana wa Adamu wangezaliwa na mbavu pungufu. Baba aliyekatwa kidole shambani hazai watoto wa vidole tisa. Mwalimu wa shule ya Jumapili anayesema vingine anamtayarishia mtoto aibu siku atakapofungua kitabu cha biolojia.

Jambo lingine lililowasumbua wataalamu ni majina yenyewe. Kiungo kimoja kilikuwa na majina kumi, kila mji na mwalimu wake. Mwaka 1895 walikubaliana huko Basel, Uswisi, juu ya orodha moja ya majina ya Kilatini, na orodha hiyo imetengenezwa upya mara kadhaa tangu hapo. Kwa hiyo daktari wa Kinshasa na daktari wa Tokyo wanaweza kuelewana juu ya mfupa mmoja. Sisi bado tunaelewana kwa shida kati ya Uvira na Butembo.

Kuume ni kwa nani?

Kabla ya kutaja kiungo chochote, wataalamu wanapatana juu ya namna mwili unavyosimama: mtu amesimama wima, uso unatazama mbele, mikono imeteremka kando, viganja vimegeuzwa mbele, vidole gumba vinaelekea nje. Hata kama mgonjwa amelala kitandani au amejikunja kwa maumivu, maneno "juu", "chini", "mbele" na "nyuma" yanahesabiwa kama vile amesimama hivyo. Kwa hiyo kichwa kiko juu ya kifua hata kwa mtu aliyelala.

Kulia na kushoto ni kwa mwenye mwili, si kwa anayemtazama. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalokosewa zaidi. Ukikaa mbele ya mgonjwa, mkono wake wa kuume uko upande wako wa kushoto. Ukisimulia kwa simu kwamba baba amevimba "upande huu wa kushoto", hakikisha ni kushoto kwake. Ini liko kuume, bandama iko kushoto. Ukibadilisha upande, umebadilisha kiungo.

Kuna mstari wa kufikiriwa unaopita katikati ya paji la uso, pua, kitovu, mpaka kati ya miguu. Kilicho karibu na mstari huo kinasemwa kuwa cha ndani au cha kati, kilicho mbali nao ni cha kando. Kwa mikono na miguu kuna kipimo kingine: karibu na shina au mbali na shina. Kiwiko kiko karibu na shina kuliko kiganja. Na mwisho kuna kina: ngozi iko juu-juu, mfupa uko ndani.

Kutoka seli mpaka mfumo

Sehemu ndogo kabisa ya mwili yenye uhai inaitwa seli. Haionekani kwa macho bila hadubini. Seli za namna moja zikikaa pamoja zinafanya tishu, kama tishu ya msuli au ya mafuta. Tishu mbalimbali zikishirikiana katika kazi moja zinafanya ogani, kama moyo au ini. Ogani kadhaa zinafanya mfumo: mfumo wa kumeng'enya chakula, wa kupumua, wa damu, wa mkojo, wa uzazi, wa neva na mingine.

Tuangalie neno "kiungo". Katika Kiswahili linabeba mzigo mkubwa mno. Kiungo ni ogani, kama figo. Kiungo ni mkono au mguu, kama Mtume Paulo anavyofundisha katika 1 Wakorintho 12. Kiungo ni mahali mifupa miwili inapokutana, kama goti. Kiungo ni hata kitu cha kutia katika mboga. Mgonjwa akisema "viungo vinaniuma", muulize kama ni magoti na viwiko, au ni mwili mzima kama wakati wa malaria.

Kifua

Kifua ni kama kikapu. Mbele kuna mfupa wa kifua, nyuma uti wa mgongo, kando mbavu. Chini kimefungwa na kiwambo, yaani msuli mpana kama kifuniko unaotenga kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka, hewa inaingia. Kikipanda, hewa inatoka. Kwikwi ni kushtuka kwa msuli huo.

Ndani yake kuna mapafu mawili. La kuume lina sehemu tatu, la kushoto lina mbili, kwa sababu moyo umechukua nafasi. Moyo uko karibu na katikati, nyuma ya mfupa wa kifua, ncha yake imeelekea kushoto, na ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Watu wengi huweka mkono kushoto kabisa, karibu na kwapa, wakisema moyo uko pale. Sivyo, pale wanasikia tu ncha inapogonga. Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu vinapokea damu, viwili vya chini vinaisukuma.

Nyuma ya moyo unapita mrija wa chakula, unaoitwa umio. Ndiyo maana tumbo likirudisha uchachu, mtu anasikia moto kifuani na kudhani ni moyo. Lakini kosa linaweza kwenda upande wa pili pia: moyo ukiugua, maumivu mara nyingine husikika juu ya tumbo, katika taya, au katika mkono wa kushoto. Mtu mzima anayebanwa kifua kwa ghafula, anatokwa jasho baridi na kukosa pumzi, asikae nyumbani kungoja tumbo litulie.

Na neno "kifua" lenyewe lina shida. Kwetu mtu akisema "ana kifua" anaweza kumaanisha kikohozi, pumu, au kifua kikuu. Mambo matatu, dawa tatu.

Tumbo

Hapa ndipo maneno yetu yanatuangusha zaidi. "Tumbo" ni sehemu yote kati ya kiwambo na nyonga. "Tumbo" ni ule mfuko mmoja unaopokea chakula. "Tumbo" ni mimba. "Tumbo" ni kuhara: "mtoto ana tumbo". Na mama akiogopa kutaja uzazi mbele ya watu, atasema "tumbo la chini" na kunyamaza.

Njia iliyo rahisi ni kuligawa tumbo kwa msalaba unaopita kwenye kitovu. Zinapatikana sehemu nne, na waganga wanatumia mgawanyo huo kila siku.

Juu kuume, chini ya mbavu, kuna ini. Ni ogani kubwa kuliko zote za ndani, na kwa mtu mzima ina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Chini yake umening'inia mfuko mdogo wa nyongo. Mtu ambaye macho yake yamekuwa ya manjano na mkojo wake mweusi kama chai, upande huu ndio wa kwanza kufikiriwa.

Juu kushoto kuna tumbo la chakula, ambalo linaanzia karibu na katikati, na bandama iliyojificha nyuma ya mbavu. Bandama yenye afya huwezi kuigusa kwa mkono. Inachuja damu na kuondoa seli zilizozeeka, na malaria ya mara kwa mara huifanya ivimbe, hata iteremke chini ya mbavu. Katika nchi yetu watoto wengi wanajulikana kwa "tumbo gumu upande wa kushoto". Bandama iliyovimba inapasuka kwa urahisi: teke la mpira, kuanguka kutoka baiskeli, fimbo. Ikipasuka, damu inamwagika ndani bila kuonekana nje. Kwa hiyo mtoto mwenye bandama asikandwe tumbo kwa nguvu ili "irudi mahali pake". Hairudi kwa kukandwa. Mtoto aliyepigwa tumboni kisha akawa mweupe machoni, mwenye kizunguzungu, anakimbizwa hospitali siku ileile.

Chini kuume kuna mwanzo wa utumbo mpana, na hapo pameota kijiutumbo kidogo kisicho na njia ya kutokea, chenye umbo la kidole. Kinaitwa kidole tumbo. Wengi kwetu wanakijua kwa ugonjwa wake tu, apandisiti. Maumivu yake yana desturi ya kudanganya. Mara nyingi yanaanza kuzunguka kitovu, mtu anatapika au anakosa hamu ya kula, kisha baada ya saa kadhaa yanashuka na kutulia chini kuume. Anayetafsiri asiseme tu "tumbo linauma tangu jana". Aseme lilianzia wapi, na sasa liko wapi. Habari ya safari hiyo inamsaidia daktari kuliko neno lolote. Tena, mgonjwa wa namna hii asipewe dawa ya kuharisha.

Chini kushoto kuna mwisho wa utumbo mpana, ambao unaelekea kwenye njia ya haja kubwa. Utumbo mwembamba umejikunja katikati. Ukinyooshwa unafika karibu mita 6, na ule mpana karibu mita moja na nusu. Mwembamba ni mrefu kuliko mpana, ambayo inawashangaza wanafunzi kila mwaka: majina yanafuata unene, si urefu.

Kongosho imelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na mgongo. Ndiyo inayotengeneza insulini, na kukosa insulini, au mwili kushindwa kuitumia, ndiyo kisukari.

Figo hazimo mbele. Ziko nyuma, kando ya uti wa mgongo, chini ya mbavu za mwisho, na ya kuume iko chini kidogo kuliko ya kushoto kwa sababu ini limeisukuma. Mtu akishika kiuno na kusema "figo", mara nyingi ni misuli ya mgongo iliyochoka kwa jembe au kwa kubeba mizigo. Maumivu ya figo hukaa juu ya kiuno, mara nyingi upande mmoja, na huenda pamoja na homa au mkojo uliobadilika. Mkojo unatoka figoni kwa mirija miwili, unakusanyika katika kibofu, kilichoko mbele kabisa chini ya tumbo, nyuma ya mfupa wa kinena.

Mshipa, neno lenye watu wanne ndani

Ningeulizwa ni neno gani linalosumbua zaidi baada ya "tumbo", ningesema "mshipa". Mgonjwa anasema, "Mishipa inanivuta." Ipi?

Kwanza kuna mishipa ya damu. Ile inayotoa damu moyoni inaitwa ateri. Ile inayoirudisha moyoni inaitwa vena. Ateri zinapiga: ukigusa kifundo cha mkono upande wa kidole gumba unasikia mapigo. Vena hazipigi, na ndizo unazoziona za kijani au za buluu chini ya ngozi. Muuguzi anapotafuta mahali pa kutundika serumu, anatafuta vena. Ateri ikikatwa, damu nyekundu sana inaruka kwa mapigo. Vena ikikatwa, damu iliyoiva zaidi inatiririka. Katika hali zote mbili, gandamiza kwa nguvu kwa kitambaa safi, usifungue kila dakika kutazama.

Pili kuna mishipa ya fahamu, yaani neva. Haibebi damu. Inapeleka habari kati ya ubongo na mwili: joto, maumivu, amri ya kutembea. Neva nene kuliko zote inatoka chini ya mgongo, inapita nyuma ya tako na paja, na matawi yake yanafika mpaka wayo. Ikibanwa mgongoni, mtu anaumwa mguuni, naye atapaka dawa mguuni mwezi mzima bila nafuu.

Tatu kuna kano, zile kamba nyeupe ngumu zinazounga msuli na mfupa. Ile iliyo nyuma ya kisigino unaweza kuishika. Na nne, mahali pengine wazee wakisema "ana mshipa" wanamaanisha ngiri, utumbo unaotokeza kwenye kinena au kitovu, au korodani iliyojaa maji. Hivyo viwili vyenyewe ni magonjwa tofauti.

Mkono unaoanzia begani

Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga ana mingi zaidi, karibu 300, kwa sababu mingine bado haijaungana. Mfupa mrefu kuliko yote ni wa paja. Uti wa mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua zinazoshika mbavu, na 5 za kiuno. Chini yake zimeungana na kufanya mfupa wa nyuma ya nyonga na kifandugu. Mwisho wa mifupa inayokutana umefunikwa na gegedu, ile sehemu laini inayoteleza ambayo kila mla kuku anaijua.

Kwa Kiswahili "mkono" unaweza kuanzia begani mpaka ncha za vidole, na "mguu" kutoka nyonga mpaka wayo. Kwa hiyo habari "amevunjika mkono" haijasema mengi. Sema bega, mkono wa juu, kiwiko, mkono wa chini, kifundo, kiganja, kidole. Sema nyonga, paja, goti, muundi, kifundo cha mguu, kisigino, wayo. Aliyevunjika paja anaweza kupoteza damu nyingi ndani ya msuli bila tone kuonekana nje. Gari la kumchukua linatafutwa kwa haraka tofauti na la aliyevunjika kidole.

Kwa wazazi wa watoto wachanga, neno moja la kukumbuka ni utosi. Juu ya kichwa cha mtoto mifupa ya fuvu haijakutana, na pale laini panapiga kidogo. Pa mbele mara nyingi panafunga kati ya miezi 12 na 18. Utosi ukibonyea ndani kwa mtoto anayehara, maana yake ni kwamba maji ya mwili yamepungua. Wako wanaopaka dawa ya majani juu ya utosi ili upande. Utosi hauna ugonjwa. Unaonyesha tu kiu ya mwili mzima. Mtoto anahitaji maziwa ya mama, maji ya chumvi na sukari ya hospitali, na kupelekwa kwenye kituo cha afya. Ukivimba juu kwa mtoto mwenye homa ambaye halii, ni hatari nyingine, na hiyo haingojei asubuhi.

Majina ambayo hatuyataji

Kanisani tunasema "sehemu za siri", na heshima hiyo ni nzuri. Lakini siri isimfuate mgonjwa mpaka ndani ya chumba cha daktari.

Mwanamke ana njia tatu zilizo karibu: ya mkojo mbele, uke katikati, ya haja kubwa nyuma. Uke unafika kwenye mlango wa kizazi, na hapo unaanza mji wa mimba, ambao kwa asiye na mimba ni mdogo kama pera. Umekaa kati ya kibofu mbele na mwisho wa utumbo mpana nyuma. Kila upande kuna mrija, na karibu na mwisho wake kifuko cha mayai. Mara nyingine mimba inakwama ndani ya mrija, nao haukuumbwa kumbeba mtoto. Mama aliyekosa siku zake, akashikwa na maumivu makali chini ya tumbo, upande mmoja hasa, pamoja na kizunguzungu, akisema "tumbo tu" anaweza kufa kwa kutoka damu ndani huku watu wakimpa dawa za minyoo.

Kwa kuwa vyumba hivyo vimepakana, kuzaa kulikokawia siku mbili au tatu kunaweza kuua nyama iliyo kati ya uke na kibofu, au kati ya uke na njia ya haja. Linabaki tundu, na mkojo au choo kinapita bila kuzuilika. Hiyo ndiyo fistula. Kutendewa kwa nguvu pia kunaweza kuleta tundu la namna hiyo, jambo ambalo mashariki ya Kongo inalijua kwa uchungu. Si laana, si uchafu, ni tundu lenye mahali pake na jina lake, na mara nyingi linashonwa. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, imekuwa ikifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Wamama wengi wamejificha nyuma ya nyumba kwa miaka kwa sababu hakuna aliyewapa neno la kumwambia muuguzi.

Kwa wanaume: uume, korodani, na tezi dume, iliyo chini ya kibofu ikizunguka njia ya mkojo. Kwa wazee hukua, inabana njia, mkojo unatoka kwa matone. Baba zetu wanaita hali hiyo "uzee" na kunyamaza.

Watoto nao wapewe majina ya kweli. Mtoto aliyeguswa vibaya na mtu mzima, asipokuwa na neno, atasema "ameniumiza tumbo", na hakuna atakayemwelewa.

Karatasi ya daktari

Karatasi zetu zinaandikwa kwa Kifaransa, na nyingi kwa herufi za mkato. Ukiona FID, daktari anataja upande wa chini kuume wa tumbo, kwenye kidole tumbo. FIG ni chini kushoto. "Foie" ni ini, "rate" ni bandama, "rein" ni figo, "vessie" ni kibofu. Ncha ya neno pia inasema kitu. Neno likiishia na "-ite", kiungo kimewaka: "hépatite" ni ini, "gastrite" ni tumbo la chakula, "méningite" ni ngozi laini zinazofunika ubongo na uti wa mgongo. Likiishia na "-ectomie", kitu kinaondolewa.

Hapo nawaomba waume na wake wasome pamoja kabla ya kutia sahihi. "Césarienne" ni kupasua ili mtoto atoke. Mji wa mimba unashonwa na kubaki. "Hystérectomie" ni kuondoa mji wa mimba wenyewe, na baada yake mama hawezi tena kubeba mimba. Mara nyingine ndiyo njia pekee ya kumwokoa, na daktari hana muda wa kueleza sana usiku wa damu nyingi. Lakini nimekutana na mama aliyengoja mimba miaka minne, akafunga na kuomba, akaombewa, akalaumiwa na wakwe, na neno lilikuwa limeandikwa katika karatasi iliyokuwa chini ya godoro lake muda wote.

Neno lisiposomeka, mwambie aliyeliandika, "Munganga, tafadhali utusomee hili kwa sauti," kisha mwombe aweke mkono wake juu ya mahali anapotaka kupasua.